Karboni ya mtumba yenye Ultegra au alumini yenye Sora? Nisaidieni kabla ya Jumamosi

Mshale wa Bunju
Wakuu habari za asubuhi. Naomba msaada wa haraka maana Jumamosi naenda kutoa hela. Miaka miwili nimekimbizana na watu wa resi kwa mountain bike yangu yenye tairi za trekta, kila Jumapili wananiacha pale Mapinga, nafika Bagamoyo wenzangu wameshakunywa chai na wanajinyoosha kurudi. Nimechoka. Sasa nataka baiskeli ya resi kabisa na nimepata mbili, zote mtumba:

A - karboni, imetoka Ulaya, giya Ultegra (zile za Shimano za daraja la juu), nyepesi sana, nyeusi na mistari myekundu. Hii imenikamata moyo, siwezi kuwadanganya.

B - Giant ya alumini, giya Sora (Shimano pia, ila za daraja la chini), rangi imepauka ila inatembea.

Nichukue ipi? Naomba majibu ya wanaopanda kweli, sio wa kuangalia kwenye TV tu.

Gololi
Mkuu umefanya kama mtu anayempigia fundi nguo simu, "nishonee suruali", anakata bila kutoa vipimo. Bei gani? Saizi gani? We una urefu gani na uzito gani? Hiyo Ultegra ni ya spidi ngapi, yaani giya ngapi za nyuma, maana zipo za 9, za 10, za 11 na sasa 12, jina ni hilo hilo. Umeziona kwa macho au umetumiwa picha?

Upepo wa Kusi
Karboni. Mjadala umefungwa. Ukishakaa kwenye karboni hutaki tena kusikia alumini, ile alumini inakutetemesha mikono mpaka ukifika nyumbani huwezi kushika kikombe. Na Ultegra ikibadilisha giya husikii hata mlio. Maisha mafupi haya.

Mshale wa Bunju
Asante wakuu. A anataka milioni moja na laki sita, ila nikienda na cash atashuka. B milioni moja na elfu hamsini. A nimeona picha tu, B nimeizungusha mtaani kama dakika tano. Ultegra imeandikwa Ultegra, spidi sijahesabu.

Gololi
Vipimo vyako je??

Mzee wa Sora
Kijana, chukua B. Mimi Sora yangu inaingia mwaka wa saba na naenda nayo Kibaha kila wiki, matuta yote yale na mashimo. Sababu yangu ni moja, vipuri. Sora nyingi za mtumba ni spidi 9, cheni ya 9 ukizunguka Kariakoo nusu siku unaipata, na kaseti yake, ile seti ya giya za nyuma, unaipata. Ya 10 utaambiwa njoo wiki ijayo, wiki ijayo utaambiwa kontena bado. Ya 11 unaagiza mtandaoni, unakaa unahesabu siku huku baiskeli imegeuzwa miguu juu sebuleni.

Halafu ukienda kukagua beba rula. Usicheke. Pima cheni kutoka katikati ya pini mpaka pini ya 24 mbele yake, inatakiwa iwe inchi 12 kamili. Ikizidi milimita moja na nusu hiyo cheni imeisha, na ikizidi mara mbili ya hapo basi imeshakula na kaseti, utafunga cheni mpya itaruka meno kila ukisimama kwenye pedali. Angalia na ringi, pale breki zinaposugua. Pitisha kidole, kama pamebonyea kama kijiko ringi imekwisha, siku moja itafunguka ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa.

Mikono ya giya ya zamani nayo ina ugonjwa wake, grisi ya ndani inaganda, unabonyeza inakuwa kama unabonyeza hewa, haikamati. Muuzaji atakwambia "imekaa muda mrefu tu hiyo". Dawa ipo, unapuliza mafuta ya kuyeyushia mpaka uchafu utoke halafu unapaka mafuta mepesi, mimi nimefufua mbili hivyo. Lakini ya kwangu niliinunua kwa bei ya ugonjwa, sio bei ya uzima.

Pancha Tatu
Naona watu wanamsukumia kijana karboni ya mtumba kama wanamgawia karanga. Ngoja nisimulie yangu.

2021 nilinunua karboni ya mtumba kwa milioni moja na laki nne. Miezi minane ya kwanza raha tupu, Kunduchi mpaka Bagamoyo nilikuwa nahisi kama kuna mtu ananisukuma mgongoni. Sasa mimi nakaa karibu na bahari, baiskeli inalala kibarazani, chumvi ya hewa inaingia, na jasho langu lote linadondokea pale bomba la siti linapoingia kwenye fremu. Bomba lenyewe lilikuwa alumini, fremu karboni. Hivyo viwili ukiviweka pamoja na maji ya chumvi katikati, alumini inaota ule unga mweupe, inavimba, inang'ang'ania humo ndani kama kupe. Mimi nilikuwa sijui hayo mambo, sijawahi hata siku moja kulitoa nikasafisha.

Siku moja goti linauma, jamaa mmoja wa kundi akaniambia siti yako iko juu, shusha sentimita moja. Nalegeza nati, bomba halishuki. Nazungusha, halizunguki. Nikamwaga mafuta ya kulainisha nikaacha usiku, asubuhi bado. Nikaipeleka kwa fundi, simtaji na mtaa wake siutaji, ni mtu mzima na mnyororo wa baiskeli ya China anaufunga amefumba macho. Akaleta spana ya mabomba, ile ya mafundi maji. Akang'ata siti, akavuta, ikagoma. Akaniambia "hii kitu inataka moto kidogo". Nikasema sawa!! Mimi mwenyewe na mdomo wangu nilisema sawa. Akaja na mtungi wa gesi akaanza kuchoma pale shingoni, nikasikia harufu ya gundi inaungua, nikajua hapa hapako salama ila nikanyamaza maana niliona aibu kumfundisha fundi. Akarudisha spana, akavuta na mwili mzima, ikatoa mlio kriiik kama kuvunja muwa. Fundi akaniangalia, mimi nikamwangalia, kuku wa jirani wakapita katikati yetu.

Ufa kutoka kwenye shingo ya siti mpaka chini karibu na jina la fremu. Na bomba bado limo humo ndani mpaka leo. Akanidai elfu kumi ya ufundi nikampa.

Fremu ipo nyumbani, mke wangu anaanikia taulo.

Upepo wa Kusi
Pole sana kaka lakini hapo karboni ina kosa gani? Umechoma karboni kwa gesi. Hata nyumba ukiichoma itaungua. Karboni ni nyuzi zimeshikwa na gundi, gundi ikipata moto kwisha habari. Na kwa mzigo kama huo dawa ni baridi sio moto, alumini ikipoa inasinyaa kuliko karboni, unajaza barafu ndani ya bomba, unaacha, unazungusha taratibu. Na ungekuwa unalitoa kila baada ya miezi miwili mitatu unafuta na kupaka ile pesti yenye chengachenga za mchanga wala yasingekukuta.

Pancha Tatu
Barafu ningeijuaje? Fundi gani Dar hii anatibu baiskeli kwa barafu? Ndio maana nasema, kitu ambacho fundi wa mtaani hawezi kukigusa bila kukiua hakinifai mimi. Alumini ingebonyea tu tungeendelea na maisha.

Upepo wa Kusi
Alumini nayo inapasuka mkuu, tena bila kukuaga. Nina picha.

Mzee wa Sora
Picha za nini tena, kijana ameuliza baiskeli.

Gololi
Na kijana bado hajasema urefu wake.

Mshale wa Bunju
Samahanini nilikuwa kazini. Urefu wangu 183, uzito 88 (ilikuwa 94 nimejitahidi). A imeandikwa saizi 52 kwenye bomba la siti. B imeandikwa L. Nimehesabu kwenye picha giya za nyuma za A ni 10. Tairi za A ni 700x23 (upana milimita 23), za B zimefutika maandishi. Muuzaji wa A anasema saizi sio tatizo, siti inapanda.

Mama Resi wa Arusha
Mwanangu, siti inapanda lakini usukani hauendi mbele! Mimi nina urefu wa 166 na napanda 52, inanitosha kabisa. Wewe wa 183 kwenye 52 utakaa kama mtu mzima kwenye kiti cha chekechea, magoti yanakutana na viwiko. Mtu wa urefu wako anaanzia 56, wengine 58 kabisa. Na ukipandisha bomba mpaka ule mstari wa mwisho uonekane, uzito wa 88 wote unakuwa unaikamua fremu pale juu kama kopo la soda. Ufa wa Pancha Tatu utaupata bila gesi.

Hiyo A sio yako. Yupo wapi huyo muuzaji?

Mshale wa Bunju
Yupo Sinza mama. Ila nikipanda mwanangu mbele pale kwenye usukani nikaweka ile shingo ndefu haiwezi kusaidia?

Mama Resi wa Arusha
Haiwezi.

Gololi
Nimesoma "nikipanda mwanangu mbele" mara tatu nikidhani anabeba mtoto.

Nyuki wa Kiserian
Niaje watu wa TZ. Nawasoma kutoka huku Nairobi. Nyinyi mnapigana na fremu na hamjaongea juu ya tairi, na hiyo ndio inakuuwa kwa barabara. Hizo 23 toa upee watoto wachezee. Mimi nilikuwa na 23, Magadi Road nilipata pancha nne siku moja, nne buda, jua la huko chini unalijua, hakuna kivuli, nimekaa kwa jiwe naziba kiraka na ng'ombe zinaniangalia. Nikaweka 28 na presha ya PSI 75, mwaka mzima pancha mbili tu. Hiyo karboni kama ni ya zamani yenye breki za kubana ringi uliza kama 28 inapita, nyingi zinaishia 25. Hiyo pekee yake ingenifanya niiache.

Babu 23
Mambo ya 28 ni mitindo tu. Nimepanda 23 tangu 1998, presha 120, tairi iwe ngumu kama mfupa, baiskeli inateleza. Tairi pana ni za kwendea sokoni.

Nyuki wa Kiserian
Heshima kwako mzee lakini hata wale wa Tour de France sasa wako kwa 28 na kwenda juu. Tairi ikiwa ngumu kama mfupa kwa lami mbaya inarukaruka, kila ikiruka unapoteza nguvu na unaumia mgongo. 120 ilikuwa sawa kwa uwanja wa ndani.

Babu 23
Wale wanapewa tairi bure na wadhamini.

Pancha Tatu
Babu hapo umeongea point ila sio ile uliyokusudia 😂

Chuma Hakiozi
Pancha za huku kwetu pana au nyembamba zote zinakufa na mbigili. Wale wanaopita njia za pembeni kukwepa foleni ya malori wanajua. Mbigili ina miiba pande zote, utaikanyaga tu. Ila adui mkubwa zaidi ni vile viwaya vya matairi ya malori yaliyopasuka, ni vyembamba kama unywele, huvioni. Unaziba tubu, unajaza upepo, kilomita mbili tena psss. Lazima upitishe kitambaa ndani ya tairi kabla ya kurudisha tubu, kitambaa kikinasa ndio umempata mchawi. Usipitishe kidole, nimechanika.

Upepo wa Kusi
Weka tubeless, tairi zisizo na tubu, na ile dawa ya maji inayoziba yenyewe.

Chuma Hakiozi
Kwa joto la Dar ile dawa inakauka haraka, miezi miwili mitatu unafungua unakuta ugali mkavu ndani. Na chupa ndogo tu bei yake nalisha familia. Siku tairi ikichanika kubwa dawa isipoziba utamwaga maziwa barabarani mbele ya watu na bado utahitaji tubu.

Halafu tusimpotezee kijana muda, kuna jambo hakuna aliyemwambia. Hizo tairi za B zilizofutika maandishi asome ukubwa kwenye ringi yenyewe. Mimi niliuziwa baiskeli ya chuma nzuri sana, naagiza tairi za 700, hazivai. Nimevunja vyuma viwili vya kubandulia tairi na kidole kikavimba. Kumbe ringi ni zile za zamani za inchi 27. Kwa macho ni sawasawa, lakini 700 inakaa kwenye kipenyo cha 622 na hiyo ya 27 ni 630, milimita nane zinakutoa machozi. Na tairi zake sijaziona dukani mpaka leo.

Mzee wa Sora
Kwa Giant yenye Sora hiyo hofu haipo, hizo ni 700 zote. Lakini elimu nzuri.

Kijiti cha Moshi
Samahani natoka nje kidogo, kuna mtu aliangalia mashindano ya dunia ya baiskeli Kigali 2025? Nimekumbuka kwa hii ya mashimo. Evenepoel alikanyaga shimo siti ikaharibika, akasimama pembeni amekasirika anasubiri gari, akabadilisha baiskeli na bado akamaliza wa pili nyuma ya Pogačar. Kilomita 267 na milima ile. Yaani hata wakubwa siti zinawasumbua.

Nyuki wa Kiserian
Nilienda na basi bana. Ile ya mawe ya Kimihurura watu walikuwa wanapiga kelele hadi husikii jina lako. Na ile siku nilisema, mtu wetu wa kwanza kushinda Tour alianzia huku kwetu, Froome alikuwa anafunzwa na kocha Kinjah pale Kikuyu.

Babu 23
Froome ni Mwingereza.

Nyuki wa Kiserian
Amezaliwa Nairobi. Leseni ya Uingereza alichukua 2008, miguu ilishapikwa huku.

Babu 23
Alishinda na bendera ya nani? Mtu wa Afrika wa kujivunia ni Girmay wa Eritrea, hatua tatu na jezi ya kijani ya Tour de France 2024, na bendera ni yake.

Nyuki wa Kiserian
Girmay nakupea. Lakini na yeye hapandi 23 mzee.

Gololi
😂😂😂 Babu pumzika kidogo.

Kijiti cha Moshi
Nimeanzisha vita bila kukusudia. Hivi tubu zenye valvu nyembamba ndefu, zile za milimita 60, nani anazo? Nina ringi ya kina kirefu na zilizopo huku Moshi valvu inazama ndani, nachungulia tu kama kisima.

Chuma Hakiozi
Nunua kile kirefusho cha valvu, ila kaza vizuri. Changu kilivuja taratibu kilomita 60 nikadhani mimi ndio nimechoka.

Mshale wa Bunju
Wakuu nimerudi, leo Jumamosi. Nimeenda Sinza asubuhi saa mbili, nilisema hata kama saizi hainitoshi niione tu kwa macho, roho itulie. Jamaa ananiambia imeshaondoka jana jioni, kuna dada wa Arusha katuma hela kwenye simu bila kuomba punguzo na basi limeshaichukua.

Mama Resi????

Mama Resi wa Arusha
Mwanangu nilikwambia haikutoshi 😊 Nilimtuma mdogo wangu akaigonga na sarafu fremu nzima, inalia sawasawa hakuna mahali panapoitika kwa sauti ya mbao mbovu. Bomba la siti limetoka vizuri pia, Pancha Tatu usiwe na wasiwasi.

Pancha Tatu
Lipake ile pesti mama. Nakuomba.

Upepo wa Kusi
Nilisema karboni tangu mwanzo. Kuna mtu alinisikiliza.

Mshale wa Bunju
Sijanuna mama, ila ile mistari myekundu itanichukua muda. Nikaenda kwa wa B na rula. Cheni imezidi kama milimita mbili na nusu hivi, ringi ya nyuma imebonyea kidogo ya mbele nzima. Nikamwambia laki tisa, kakataa, anasema kuna mwingine anakuja kesho. Nimerudi nyumbani mikono mitupu na nauli ya bajaji imekwenda. Halafu njiani nimekutana na jamaa anauza ya chuma, nzuri, rangi ya kijani, giya zake zile za vijiti kwenye bomba la chini, laki sita tu. Ipi sasa kati ya hiyo na B?

Gololi
Saizi gani? Ringi inchi ngapi?

Mshale wa Bunju
Sikuangalia.

Chuma Hakiozi
Ya kijani? Ina alama ya kukwaruzika kwenye foku upande wa kulia, na siti ya kahawia? Mkuu nitumie namba ya huyo jamaa inbox kabla hujafanya chochote. Nadhani hiyo ni ile niliyouza mimi mwaka jana.